Punguza Kiunoni, Fundi

Kiuno changu kilikuwa inchi thelathini na mbili. Najua kwa sababu mimi ni fundi cherehani hapa Kibondo, na utepe wa fundi haujui kumwonea mtu huruma. Kiangazi kile, vumbi lilipokuwa limepaka kila bati rangi ya tofali, kiuno kikawa ishirini na tisa. Mvua za kwanza zilipoanguka kikawa ishirini na saba. Kila mara niliivua sketi yangu, nikaifumua ubavuni, nikaibana, nikaishona upya, nikaivaa na kurudi kwenye kazi za watu. Mara nne. Mara nne niliipeleka sketi kwa fundi kabla sijaupeleka mwili kwa daktari, na fundi mwenyewe nilikuwa mimi.

Ninaandika sasa kwa sababu nimepata nafuu ya kutosha kukasirika. Mtu aliyezidiwa hana hasira. Ana usingizi, ana kiu, ana aibu. Hasira ilinirudia pamoja na hamu ya kula, na sikuifukuza. Kama wewe unayesoma umekaza mkanda wako hadi tundu la mwisho na unasema ni jua la mwaka huu, hasira hii nimekuandalia wewe.

Tuko mafundi watano kwenye baraza ndefu ya maduka karibu na soko. Kulia kwangu anakaa Mama Tumaini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha puani, aliyenifundisha kuweka zipu. Mwisho kabisa, penye kivuli kizuri, anakaa Fundi Zakaria, mshona suti, anayejiona mkubwa wa baraza. Hapo ndipo nilipojifunza lugha ya wagonjwa wa mji wetu. Mtu wa kwetu hasemi amekonda. Huja na nguo ndani ya mfuko, huangalia kushoto na kulia, kisha husema, “Punguza kiunoni, fundi.”

Fundi naye ana adabu yake. Hamtazami mteja usoni. Husema, “Vitambaa vya siku hizi vinatanuka kweli,” na mteja hushusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wote wawili wanajua kwamba kitambaa hakikutanuka. Wote wawili wanaagana kwa heshima.

Kuna mama mmoja, sitamtaja, aliniletea gauni lake la kitenge mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya nne lilikuja gauni bila mwenyewe. Ndugu zake walitaka nilikate, nimshonee binti yake. Nililikata. Nikashona vizuri, nikaweka na ua kifuani. Utepe wangu ulikuwa umezijua habari za yule mama kabla ya mchungaji na kabla ya mumewe, na mdomo wangu ukasema vitambaa vya siku hizi vinatanuka.

Jambo moja tu nililitenda kwa haki katika kazi ile: sikukata. Fundi aliyefundwa vizuri akipunguza nguo huacha kitambaa kilichozidi ndani ya mshono, kimekunjwa, kimelala, ili siku mwenye nguo akinenepa kifumuliwe. Nilipokuwa najifunza, siku moja nilishika mkasi nikate, Mama Tumaini akanipiga mkono. “Unamfungia mtu mlango wa kurudi,” alisema.

Ugonjwa wangu ulianza na kikohozi, ukaendelea na tumbo, kisha utando mweupe ukanifunika ulimi hadi chai ikawa na ladha ya chaki. Majira ya kupanda maharage ulinitoka mkanda wa jeshi, malengelenge kutoka mgongoni hadi chini ya titi, yakiwaka kama nimefungwa waya wa moto. Sikuweza kuvaa sidiria. Nilishona nimejifunga khanga kifuani, na wateja wakasema nimekuwa mswalihina.

Kila mtu alikuwa na jina la kuupa ugonjwa huo isipokuwa jina lake. Jirani alisema vidonda vya tumbo. Mwenye duka alisema malaria sugu. Mama yangu alikuja kutoka shambani na kikapu cha muhogo, akanishika uso kwa mikono miwili akauliza kwa Kiha chake, “Mwana wanje, ni nani amekutazama vibaya?” Na nyuma ya baraza vijana wa bodaboda walisema ninachokijua walikuwa wakikisema: “Yule fundi kakanyaga waya,” yaani ameupata ule usiotajwa. Wao angalau walikuwa karibu na ukweli, ila waliusema kwa kucheka, na ukweli uliosemwa kwa kucheka haumpeleki mtu hospitali.

Mume wangu, Festo, huuza vitenge anavyovifuata Manyovu, mpakani. Ni mtu mpole, wa kanisani, anayepiga pasi suruali yake mwenyewe. Nilipomwambia, “Baba Neema, twende tukapime,” alishangaa kama nimemwambia twende tukafunge ndoa upya.

“Sisi tulishapimwa,” alisema.

Kweli tulipimwa. Kanisa letu halitangazi ndoa mpaka wachumba walete majibu ya hospitali, na sisi tulileta, tukiwa vijana wawili wenye hofu na viatu vipya. Majibu yalikuwa mazuri. Festo aliiweka karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaipachika kwenye Biblia, na kwa miaka sita ilikaa humo kama hati ya shamba. Nilipokuwa na mimba ya binti yetu Neema nilipimwa tena kliniki, peke yangu. Festo alikuwa Manyovu. Nilirudi na majibu mazuri, naye akasema, “Unaona? Tuko wazima.” Majibu yangu yalikuwa yake. Damu yangu ilikuwa imempimia na yeye.

Usimcheke. Nimeuliza wanawake wengi tangu siku ile, na nusu ya wanaume wa mji huu wamepimwa hivyo, kwa damu ya wake zao. Nami nisijitoe. Niliiamini karatasi ile kuliko nilivyouamini utepe wangu.

Siku niliposhindwa kukanyaga cherehani, miguu ikitetemeka kabla sijamaliza pindo moja, niliamua kwenda kupima. Siyo Kibondo. Kibondo mlango wa kliniki ya kupimia unajulikana, na benchi lake linaonekana hadi barabarani. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Kasulu, nikamwambia Festo nakwenda kutazama bei za uzi.

Benchi la Kasulu lilikuwa refu, chini ya upenu, na watu wamekaa wakitazama ukuta. Wanawake walikuwa wamevuta khanga hadi kwenye nyusi. Upepo wa baridi wa huko ulikuwa ukipita kati yetu kama mtu anayehesabu. Niliitambua nguo kabla ya mtu: gauni la kitenge chenye samaki wa njano, lililoshonwa hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu.

“Mama Tumaini.”

Hakugeuka. “Kaa chini, mama Neema. Ukisimama unaonekana.”

Nilikaa. “Na wewe umekuja kupima?”

“Nimekuja kuchukua dawa.”

“Tangu lini?”

“Huu ni mwaka wa saba.”

Nilimtazama yule mwanamke mnene, mashavu yanang'aa, mikono iliyojaa hadi bangili zinabana. Miaka saba. Alikuwa akifunika cherehani kila baada ya miezi kadhaa na kusema anakwenda kumwona dada yake.

“Uliniona nikiifumua sketi,” nilimwambia. “Mara ya tatu wewe ndiye uliyenishikia kitambaa.”

“Niliona.”

“Ukanyamaza.”

“Ningekwambiaje, mdogo wangu? Ningekwambia nenda kapime, ungeniuliza nimejuaje.” Alikunja kadi yake ya kliniki kwenye kiganja. “Nilikuombea.”

“Uliniombea.”

“Kila siku.”

Nakiri kwamba wakati ule nilimchukia. Nilichukia kila kilo iliyokuwa juu ya mwili wake. Alikuwa na dawa, alikuwa na njia, alikuwa na jibu la swali lililokuwa likinila, naye akaniombea. Kisha nikakumbuka gauni lenye ua kifuani, chuki ikakosa pa kukaa. Mimi hata kumwombea yule mama sikumwombea.

Muuguzi alitoka, msichana mwenye sweta la kijani, akaanza kuita kwa namba. Aliona sura ngeni akauliza mmetoka wapi, watu wanne wakajibu kwa sauti ya chini, Kibondo.

“Na wa Kasulu wako Kibondo leo,” alisema. “Mabasi yenu yanapishana Makere. Huwa mnapungiana mikono?”

Benchi zima lilicheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia pale. Kando yangu alikuwa mama Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mtoto mgongoni, kichwa wazi bila khanga. “Miye siko najificha,” alisema. “Mu kambi kila mutu anajua ya mwenziye. Ntajificha fasi gani?” Nilimwonea wivu. Nilifikiria miji yetu miwili, ikibadilishana wagonjwa wake kila wiki kwa basi, kila mmoja ukidhani mwingine hauna macho.

Kidole kilichomwa sindano. Matone mawili, kijiti cheupe, na dakika ambazo niliziona zikipita kwenye saa ya ukutani. Mistari ikawa miwili. Muuguzi aliniambia taratibu, na sikulia. Nilimuuliza swali la kijinga: kama nitaweza kuendelea kushona. Alisema, “Utashona hadi uchoke mwenyewe.” Hiyo ni mojawapo ya huruma ndogo ninazozihifadhi. Nyingine ni kwamba Mama Tumaini alikuwa ameliacha basi lake liende, akanisubiri na muwa uliomenywa, ambao sikuweza kuutafuna kwa sababu ya kinywa changu. Akautafuna yeye, tukaenda.

Nilimwambia Festo asubuhi iliyofuata, mbele ya mama yangu, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kusema mara mbili.

Alinyanyuka, akaifungua Biblia, akatoa karatasi. “Mimi hapa nimeandikwa mzima. Pana muhuri.”

“Muhuri wa miaka sita iliyopita, Festo.”

“Muhuri hauozi.”

“Damu je?”

“Ya kwako ndiyo imebadilika,” alisema. “Ya kwangu iko hapa.”

Msiniulize nani alianza. Niliuliza swali hilo kwa majuma mengi na halikuniongezea hata inchi moja ya kiuno. Ninachojua ni kwamba tulikuwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuchomwa kidole.

Hakunipiga, hakunifukuza, na watu walisema nimshukuru Mungu kwa hilo. Alininunulia kikombe. Kikombe changu peke yangu, cha bati, kina maua mekundu. Alikiweka mezani kama zawadi. Mama yangu, ambaye hakwenda shule na hakusikia ushauri wa muuguzi yeyote, alikitazama kikombe kile, akakimiminia chai, akainywa yeye hadi tone la mwisho. “Chai ya humu ni tamu,” alisema, akakirudisha mahali pake. Tangu siku hiyo aliking'ang'ania, na hakuna aliyejua tena kikombe ni cha nani.

Neema nilimpeleka nilipokwenda kuchukua kopo la pili la dawa. Alilia kwa ajili ya sindano, kisha akasahau. Majibu yake yalikuwa mazuri. Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu ya korido, na watu wakanipita kwa pembeni.

Makopo ndiyo yaliyokuwa kalenda yangu. Kopo la kwanza: kizunguzungu, ndoto zenye rangi kali, na kutapika mara moja. Kopo la pili: ulimi ukasafika, nikaonja chumvi. Kopo la tatu lilikuja na mavuno ya maharage, na nilikula maharage mabichi na ugali wa muhogo hadi mama akaninyang'anya sahani. Vidonge hupiga kelele ndani ya kopo, na kwenye basi kelele hiyo kila mtu anaijua, kwa hiyo wanawake wa benchi letu walikuwa wakijaza pamba. Mimi nilianza kuwaletea vipande vya vitambaa kutoka barazani. “Fundi, kipande changu kiwe cha maua,” mmoja aliniagiza. Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani nimekasirika. Dawa iliyonirudisha duniani, nami naiziba mdomo kama mtoto wa haramu.

Kopo la sita lilipoisha nilifumua sketi yangu. Kitambaa kilicholala ndani ya mshono kilitoka na rangi yake ya kwanza, bluu ya kung'aa, kando ya ile iliyochujuka kwa jua. Nilivaa hivyohivyo, na mistari miwili mbavuni. Kisha nikaomba faili langu lihamishiwe Kibondo. Nikakaa kwenye benchi linaloonekana barabarani. Wa kwanza kuniona alikuwa kijana wa bodaboda, akaangalia pembeni haraka, kama yeye ndiye aliyefumwa.

Wakati mimi narudi, Festo alikuwa anaondoka. Niliona shingo ya shati ikimwacha. Niliona tundu jipya kwenye mkanda, lililotobolewa kwa msumari wa moto. Alikohoa kila asubuhi nyuma ya nyumba, akidhani kuku peke yao ndio wanaosikia. Nilimwomba. Nilimbembeleza. Nilimletea kijikaratasi chenye picha. Nilimwonyesha mwili wangu. “Wewe ulikuwa mgonjwa,” alinijibu. “Mimi ni kazi na barabara.” Usiku na mchana alikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa limepachikwa kwenye Biblia.

Siku moja alikuja barazani na suruali yake ya kanisani, ya bluu iliyoiva, akaiweka kwenye cherehani yangu.

“Punguza kiunoni, mama Neema.”

Aliisema vilevile kama wanavyosema wote. Mguu wangu ukakataa pedali.

“Siipunguzi.”

“Inanivuka.”

“Nenda kapime damu. Ukirudi na majibu, yoyote yale, nitaipunguza.”

“Mke unamkatalia mumeo kazi mbele ya watu?”

“Namkatalia.”

Aliichukua suruali, akatembea hatua ishirini hadi kwa Fundi Zakaria. Nilimwona Zakaria akinyoosha utepe. Nilimsikia akisema kwa sauti yake ya kibwana, “Vitambaa vya siku hizi, bwana Festo. Vinatanuka.” Jioni suruali ilikuwa tayari, imebana vizuri, na mume wangu alifurahi kama mtu aliyepona.

Nilipoifua ndipo nilipoigeuza ndani. Mshono ulikuwa mwembamba. Hapakuwa na kitu kilicholala. Zakaria alikuwa amekata.

Sijui kama mtu asiye fundi ataelewa. Nilisimama na suruali ile mikononi, maji yanachuruzika, nikaona mtu ameamua, kwa mkasi, bila hata kufikiri, kwamba mume wangu hatanenepa tena. Nilivaa kandambili moja ya kwangu na moja ya mama, nikaenda sokoni.

“Nani alikwambia ukate?”

Zakaria aliondoa sindano mdomoni. “Nini?”

“Kitambaa cha nyuma. Umekikata.”

“Mteja alitaka ipungue, nikapunguza. Shemeji, mimi nashona nguo, sishoni watu.”

“Unashona watu,” nilisema. “Wote watano tunashona watu. Tunawabana nguo wasionekane, wakishaisha tunawabana watoto wao.” Cherehani zilikuwa zimeanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mteja mmoja alikuwa amesimama na mkono hewani, kipimo cha kwapa hakijaisha. “Mimi nina virusi vya UKIMWI. Mnajua, mmeshasema, sasa nimesema mwenyewe. Natumia dawa mwaka mzima sasa, na nitazeeka kwenye baraza hii mkinichukia. Yule ni mume wangu. Hajapima. Ukimpunguzia nguo tena, Fundi Zakaria, umeanza kumshonea sanda.”

Nilikuwa nimeishiwa pumzi na nimeanza kuona aibu, hasa ya kandambili. Ndipo nikasikia kicheko cha puani, kifupi, kisicho na furaha.

“Na mimi,” alisema Mama Tumaini, akikaza uzi kwenye sindano bila kuinua kichwa. “Mwaka wa nane sasa. Haya, mteja kasimama, mpimeni kwapa jamani, mkono utamfa ganzi.”

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Festo alikuwa mlangoni.

“Umenivua nguo sokoni,” alisema.

“Nguo zilikuwa zimeanza kukuvuka zenyewe.”

Aliondoka alfajiri kwenda Manyovu. Alikaa majuma matatu. Mama alisema amekwisha kuoa huko. Mimi sikuogopa mke mwingine. Niliogopa kuletewa suruali bila mwenyewe.

Alirudi siku ya soko, kwa pikipiki ya mtu. Hakuja nyumbani wala kwangu. Alipita mbele ya cherehani yangu akiwa ameshikilia kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, ngozi ya uso imekuwa ya kijivu, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa baraza.

“Fundi, punguza kidogo.”

Nilishika meza. Zakaria alimtazama. Kwa mara ya kwanza nikamwona fundi wa baraza letu akimtazama mteja usoni.

“Siwezi, bwana Festo.”

“Mke wangu amekukataza?”

“Hapana. Mimi mwenyewe nilikwenda juzi.” Alishusha sauti, lakini baraza lote lilikuwa limeacha kushona. “Nilikuwa na karatasi kama yako, ya harusi. Ya kwangu ina miaka kumi na mitano. Nilikwenda, wakanichoma kidole, nikakaa pale nikitetemeka kama kuku. Inakwisha haraka. Nyanyuka, nikusindikize.”

“Walikwambiaje?”

“Twende, nitakwambia njiani.”

Na wakaenda. Zakaria alimshika Festo kiwiko, na Festo alishikilia suruali, wakavuka barabara kuelekea hospitali. Mwaka mzima nilikuwa nimembembeleza mtu yule. Nilimwonyesha mwili wangu uliofufuka. Ikawa si mke wake, si mama wa mtoto wake. Ikawa mwanamume mwenzake mwenye sentensi tatu na mkasi usio na adabu. Nilikasirika hata katikati ya furaha ile, na hadi leo sijaacha. Lakini kama ninyi wanaume mnaweza kusikilizana ninyi kwa ninyi tu, basi semezaneni. Mnakaa pamoja vijiweni kutwa nzima, mnazungumza nini?

Majibu ya Zakaria ni ya Zakaria. Ya Festo mnayajua. Walimkuta na kifua kikuu juu ya hayo, akameza vidonge hadi mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, na kwa miezi miwili ya kwanza nililala na moyo umesimama. Mvua kubwa zikaja zikapita. Alikuwa akikaa ukumbini, amejifunika blanketi, akinywea uji kwenye kikombe cha maua mekundu. Sikumwambia kitu kuhusu kikombe. Siku moja alikigeuza, akayatazama maua, akasema, “Nilikununulia hiki.” Nikasema, “Ndiyo.” Akaendelea kunywa, polepole, macho chini.

Kopo lake la nane, suruali ya kanisani ilikataa kufungika.

Aliniletea. Nilimgeuzia ndani, nikamwonyesha mshono mtupu. “Hapa hapana cha kufumua,” nilimwambia. “Itabidi nitie kipande cha pembe tatu nyuma, na kitambaa hiki hakipo tena dukani. Nina kahawia tu. Itaonekana.”

“Ionekane.”

Nilitafuta karatasi ngumu ya kuchorea kielelezo cha kipande. Festo aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki, akaufungua kwa meno. Karatasi ya harusi yetu, muhuri wake bado wa zambarau.

“Tumia hii,” alisema. “Ni ngumu.”

Nilichora pembe tatu juu ya jina lake, nikakata.

Jumapili alivaa. Festo ni mzee wa kanisa, hutembea toka nyuma hadi mbele kupokea sadaka, na kanisa zima lilimwona akipita na kabari ya kahawia kwenye bluu, mahali ambapo mtu hawezi kupaficha kwa mkono. Nje, baada ya ibada, mwanakwaya mmoja alimtania. “Bwana Festo, mkeo fundi, na suruali yako ina kiraka? Kitambaa kilikwisha?”

“Kilikuwepo,” alisema Festo. “Kilikatwa nilipokuwa nakonda. Nilikonda kwa sababu nina virusi na sikutaka kupima.” Alinyoosha mkono akaushika mkanda wa yule mwanakwaya kiunoni, kwa utani wa kiume, akahesabu matundu kwa kidole. “Na wewe la nne hili. Mwaka jana lilikuwa la pili. Kesho saa mbili niko hospitali kuchukua dawa. Nitakushikia nafasi kwenye benchi.”

Mwanakwaya alicheka, kisha hakucheka. Jumatatu nilipita pale nikielekea barazani. Festo alikuwa amekaa kwenye benchi linaloonekana barabarani, na kofia yake ameiweka kando, kwenye nafasi iliyo wazi. Saa mbili na robo kofia ilikuwa bado hapo. Niliporudi saa nne kuchukua chaki niliyosahau nyumbani, Festo alikuwa ameivaa, na mwanakwaya amekaa kwenye nafasi ile.